Ukimwekea Mtu Linux, Mwachie Kioo Kilichokaa Sawa

Mtu aliyewekewa Linux kwa mara ya kwanza huipima kwa macho kabla ya kitu kingine chochote. Akikuta herufi zimevimba, picha imesogea upande mmoja, au kioo cheusi chenye kistari kinachopepesa, hatangoja maelezo. Kesho yake boksi liko kwa fundi, linapigwa Windows. Kwa hiyo kupanga kioo ni kazi ya anayeweka mfumo, si ya mwenye kompyuta, na mwongozo huu ni wake: fundi wa kompyuta mjini Dodoma, mwalimu wa TEHAMA wa Kongwa au Mpwapwa mwenye chumba cha mashine kumi na mbili, mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) aliyeombwa msaada na mwenye steshenari. Mifano ni ya Linux Mint 22 na Ubuntu 24.04. Hizi mbili ni ndugu wa damu, kwani Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04.

Jambo la kwanza la kuweka kichwani: siku hizi huhitaji kuandika faili la xorg.conf, lile la mipangilio ya kioo, kwa mkono. Maelekezo mengi ya zamani yanaanzia hapo, na mengi ya matatizo yanaanzia hapo hapo. Kazi hiyo sasa inafanyika yenyewe kwa mnyororo wa pete nne. Kadi ya picha inatambuliwa na kerneli, kiini cha mfumo. Kerneli inaipa dreva wake, yaani programu ya kuiendesha. Dreva anakiuliza kioo kinaweza nini. Kioo kinajibu kwa kipande kidogo cha taarifa kinachoitwa EDID, chenye baiti 128 au 256. Jibu likifika, picha inakaa sawa bila wewe kugusa kitu. Pete moja ikikatika, zinazofuata zinabaki kukisia, na makisio ya Linux kwa kawaida ni nukta 1024x768. Kwa hiyo ukiona picha mbaya, usikimbilie kuilazimisha mwishoni mwa mnyororo. Tafuta pete iliyokatika.

Kabla ya kuchomeka flashi

Geuza boksi uangalie matundu ya nyuma. Kompyuta za mezani za mtumba zilizotoka maofisini, za aina ya OptiPlex na EliteDesk, mara nyingi zina VGA na DisplayPort, lakini hazina HDMI. Ukitaka kuziunganisha na kioo cha HDMI, nunua waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na umwambie muuzaji upande upi ni wa kompyuta na upi ni wa kioo. Waya hizi hupitisha picha upande mmoja tu. Wa kutoka HDMI kwenda DisplayPort ni kitu kingine kabisa, hata kama vichwa vyake vinafanana.

Adapta ya HDMI kwenda VGA ina chipu ndani yake na hula umeme kutoka tundu la HDMI. Tundu hilo linatakiwa kutoa volti 5 na angalau miliampea 55 tu, kiasi kidogo sana. Adapta ikihitaji zaidi ya hapo, picha huwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Ukinunua, chagua ile yenye tundu dogo la USB pembeni la kuiongezea umeme.

Kama boksi lina kadi ya picha ya ziada, yale matundu yaliyolala chini peke yake, chomeka kioo hapo. Matundu ya kwenye ubao mkuu mara nyingi huzimwa na BIOS (programu ya ubao mkuu inayoamka kabla ya Linux) kadi ya ziada inapokuwepo. Kioo kikikaa kimya kabisa hata nembo ya kampuni haionekani, hilo si tatizo la Linux, na hakuna amri itakayolitibu.

Halafu kuna vumbi. Kwa kiangazi cha Dodoma, boksi lililokaa sakafuni miezi sita linakuwa na utando mwekundu hadi ndani ya matundu. Zima, chomoa umeme, pulizia tundu la VGA kwa blowa, rudisha waya na ukaze skrubu zake zote mbili. Waya wa VGA uliolegea unaweza kuleta picha nzuri tu huku pini za mawasiliano hazijagusana, na hapo ndipo mtu anapoteza siku nzima akitafuta dreva.

Kuwasha mara ya kwanza

Washa kwa flashi ya kuwekea Linux na uache mfumo ufunguke wenyewe bila kuweka chochote kwenye diski. Hiki ndicho kipimo bora ulicho nacho, nacho ni bure: ikiwa picha ni nzuri hapo, kwa kawaida itakuwa nzuri baada ya kuweka. Kioo kikibaki cheusi, washa upya uchague "compatibility mode" kwenye Mint au "safe graphics" kwenye Ubuntu.

Chaguo hilo linaiongezea kerneli neno nomodeset. Maana yake: dreva wa picha wasipakiwe, tumia picha ya kawaida iliyoachwa na BIOS. Ni gongo la kutembelea wakati mguu umeumia, basi. Mashine iliyoachwa na nomodeset moja kwa moja haibadilishi rezolusheni (idadi ya nukta za picha), haioni kioo cha pili, na video inakwama kwa sababu prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Tumeona maabara nzima zikilalamikiwa kuwa "Linux ni nzito" kumbe neno hili lilisahaulika ndani. Kulikagua, andika kwenye terminali (dirisha la amri):

cat /proc/cmdline

Likiwemo, fungua faili la /etc/default/grub kwa sudo nano, lifute kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha endesha sudo update-grub na uwashe upya.

Kinyume chake pia hutokea: umemaliza kuweka, unawasha kutoka kwenye diski, kioo cheusi. Shikilia Shift kwenye mashine za BIOS ya zamani, au gusa Esc kwenye za UEFI, mrithi wa BIOS, mpaka menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, ije. Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset baada ya quiet splash, kisha F10. Badiliko hili ni la safari hiyo moja tu, kwa hiyo huwezi kuharibu kitu. Ukishaingia, shughulikia dreva kama ilivyoelezwa chini.

Kuijua kadi

Fungua terminali uandike:

lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D|Display"

Mstari wa kuangalia ni "Kernel driver in use". Ukiona i915, kadi ni ya Intel na iko kazini. amdgpu au radeon ni AMD. nouveau ni dreva huria wa kadi za NVIDIA, na nvidia ni dreva wa kampuni yenyewe. Mstari huo usipokuwepo kabisa, kadi haina dreva, na chanzo cha kawaida ni nomodeset au mfumo wa zamani kuwekwa kwenye mashine mpya. Ukitaka uhakika wa nani anachora, weka kifurushi cha mesa-utils kisha:

glxinfo -B | grep -i renderer

Jibu likitaja llvmpipe, kadi imelala na prosesa ndiyo inachora.

Kioo kisichojitambulisha

Hapa ndipo penye kazi kubwa kwa vioo vya mtumba, kwa hiyo tutakaa kidogo. Dalili ni moja: kioo ni cha inchi 20, orodha ya rezolusheni inaishia 1024x768, na kila kitu kimetanuka. Wengi hutafuta dreva. Kwanza muulize kioo:

for f in /sys/class/drm/card*-*/edid; do echo $f $(cat $f | wc -c); done

Utaona kila tundu na idadi ya baiti zilizopokelewa. Tundu lenye kioo likionyesha 128 au 256, EDID imefika, na tatizo liko kwingine. Likionyesha 0, kioo hakijajitambulisha. Usiguse programu yoyote bado, badilisha waya.

Sababu iko kwenye pini. Kichwa cha VGA kina pini 15 katika mistari mitatu. Mstari wa tatu unaanzia pini ya 11 hadi ya 15, na mazungumzo ya EDID hupita kwenye ya 12 na ya 15. Waya za bei ya chini huacha kuziunganisha, au pini imepinda kwa kuchomekwa gizani. Picha inapita kwa sababu rangi nyekundu, kijani na bluu zina pini zake kwenye mstari wa kwanza, ila taarifa haipiti. Pini ya 9 ikikosekana usishtuke, waya nyingi hutengenezwa hivyo. Vigawanyaji vya VGA, vile vya kupeleka picha kwenye kioo na projekta kwa pamoja, na swichi za kutumia kioo kimoja kwa mashine mbili, navyo huweza kuzuia EDID. Jaribu kuunganisha moja kwa moja kabla ya kulaumu kioo.

Waya mzuri ukishindwa, ndipo unakisemea kioo. Kwanza tafuta rezolusheni yake ya asili, yaani idadi halisi ya nukta zilizomo. Soma jina la modeli kwenye stika ya nyuma na ulitafute. Kama stika imefutika, umbo linasaidia: vioo vya karibu mraba vya inchi 17 na 19 huwa 1280x1024, vipana vya inchi 19 huwa 1440x900 au 1366x768, vya inchi 20 mara nyingi 1600x900, vya inchi 22 huwa 1680x1050 au 1920x1080.

Kisha angalia unatumia mfumo gani wa kuchora:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Mint 22 itajibu x11. Ubuntu 24.04 mara nyingi itajibu wayland, na hapo amri za xrandr, chombo cha kupanga kioo cha x11, hazitabadilisha kitu hata zikikubaliwa. Kwa majaribio, toka na uingie tena ukichagua "Ubuntu on Xorg" kwenye alama ya gia iliyo pembeni mwa chumba cha kuingilia. Ukiwa kwenye x11, andika xrandr peke yake upate jina la tundu, tuseme VGA-1, halafu:

cvt 1600 900

Amri hii inakupa mstari wa Modeline. Nakili kilichofuata baada ya neno Modeline:

xrandr --newmode "1600x900_60.00" 118.25 1600 1696 1856 2112 900 903 908 934 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1600x900_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1600x900_60.00"

Kwa 1920x1080 namba ni 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120. Kwa 1366x768, cvt itakupa 1368, kwa sababu hesabu yake inataka upana unaogawanyika kwa 8. Hilo ni la kawaida, litumie.

Kioo kikiandika "Out of range", usihangaike. Mabadiliko ya xrandr yanafutika ukiwasha upya, na hiyo ndiyo faida ya kujaribu kwa njia hii kwanza. Picha ikija lakini imesogea kushoto au kulia, bonyeza kitufe cha "Auto" cha kioo chenyewe. VGA ni mawimbi, na kioo ndicho kinachokisia ukingo uko wapi.

Likishakubali, lifanye la kudumu. Wengi huweka amri hizo kwenye faili la kuanzia la mtumiaji, lakini hapo chumba cha kuingilia kinabaki kibaya, na kila mtumiaji mpya anaanza upya. Sisi tunapendelea kuiambia kerneli yenyewe. Katika /etc/default/grub, ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza:

video=VGA-1:1600x900M@60

kisha sudo update-grub. Herufi M inaiagiza kerneli ipige hesabu ile ile ya cvt. Njia hii inafanya kazi kwenye x11 na wayland, tangu mfumo unapowaka. Ila andika kwenye kipande cha karatasi ukibandike nyuma ya boksi: "kioo kimewekewa 1600x900 kwa mkono". Siku kioo kikibadilishwa, fundi atakayekuja atakushukuru.

Dreva

Kwa Intel na AMD hakuna cha kuweka. Dreva wako ndani ya kerneli. Fanya masasisho tu. Usiweke kifurushi cha xserver-xorg-video-intel kwa sababu tu kimetajwa mahali: ni cha zamani, na kwenye kadi nyingi dreva wa kawaida anayeitwa modesetting ana tabia nzuri zaidi. Kwa Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, tumia toleo la 12 la mwaka 2023 au la baadaye, kwani tangu hapo flashi ya kuwekea inabeba programu ndogo ambazo kadi za AMD zinazihitaji ili ziamke.

NVIDIA inataka utaratibu. Hifadhi nakala ya mfumo kwa programu ya Timeshift kwanza. Kwenye Mint fungua "Driver Manager", chagua kilichoandikwa "recommended". Kwenye Ubuntu:

ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install

Usipakue faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA. Linafanya kazi leo, kerneli ikisasishwa wiki ijayo mwenye kompyuta anaamka na kioo cheusi, kwa kuwa faili hilo halisimamiwi na apt, msimamizi wa vifurushi vya mfumo.

Mashine yenye "Secure Boot", ulinzi unaokataa dreva wasio na saini, inaweza kukuomba utunge nywila wakati wa kuweka. Itunze, kwa sababu ukiwasha upya utaona ukurasa wa bluu unaokungoja kwa sekunde chache tu: chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", weka nywila ile. Ukiupita, dreva atakuwepo kwenye diski lakini kerneli itamkataa. Uite tena kwa:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Kadi kongwe ni hesabu nyingine. GeForce za 400 na 500 ziliishia kwenye dreva namba 390, aliyeacha kuhudumiwa mwisho wa 2022. Nyingi za 600 na 700 ziliishia kwenye 470, wa mwisho wake 2024. Ukikuta kadi hizo kwenye boksi la steshenari linalochapa barua na kutoa kopi, ziache na nouveau. Au kama prosesa ina picha zake za Intel, ing'oe kadi kabisa: boksi litapoa, litakula umeme kidogo, na dreva hawatakusumbua tena.

Dreva wa NVIDIA ni mamia ya megabaiti, na bando ni hela. Simu iliyounganishwa kwa USB na kuwashwa kushirikisha intaneti inatambuliwa na Linux bila kuweka chochote. Kwa maabara yenye mashine zinazofanana, pakua mara moja tu:

sudo apt install --download-only nvidia-driver-535

Namba iwe ile uliyopendekezewa. Mafaili yanabaki /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi, na kwenye mashine nyingine ingia ndani ya folda hiyo uandike sudo apt install ./*.deb. Ni lazima mashine zote ziwe za toleo moja na masasisho ya kiwango kimoja, la sivyo apt itadai vifurushi visivyokuwepo. Usisahau lile neno download-only: amri ya apt ikimaliza kuweka hufuta ilichopakua.

Herufi ndogo, projekta na runinga

Mtu mzima akisema herufi haoni, usipunguze rezolusheni. Kioo bapa kina nukta zake za kudumu, na ukikilazimisha chini ya hapo kila herufi inapata ukungu. Kwenye Mint fungua "Font Selection" upandishe "Text scaling factor" hadi 1.2. Ni nyepesi kuliko kukuza kioo kizima kwa asilimia 125, jambo linaloilemea mashine ndogo kwenye x11.

Kwa projekta, mfundishe mwenye kompyuta kitu kimoja: kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na P, akibonyeza P tena na tena kupita kwenye machaguo. Projekta nyingi za darasani ni 1024x768 au 1280x800, kwa hiyo akichagua vioo vyote vionyeshe kitu kimoja, laptopu nayo itashuka hadi hapo. Atarudi sawa akichomoa. Runinga ikikata kingo za picha, dawa iko kwenye menyu ya runinga yenyewe, chini ya majina kama "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1".

Kabla hujakabidhi

Washa na kuzima mara tatu. Mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili chomoa waya wa umeme wa kila kitu, urudishe, uwashe boksi kioo kikiwa bado kimezimwa, kisha washa kioo. Ndivyo itakavyokuwa umeme ukikatika na kurudi, na vioo vya DisplayPort hasa hupotea kwenye orodha vikizimwa. Mara ya tatu ingia kwenye menyu ya GRUB, "Advanced options", uanze na kerneli ya zamani iliyoorodheshwa chini ya mpya, kama imeshawekwa zaidi ya moja. Mwonyeshe mwenye kompyuta kwa mikono yake mwenyewe njia hiyo ya kerneli ya zamani. Siku masasisho yakimwachia kioo cheusi saa mbili asubuhi na wateja wako mlangoni, hiyo itamwezesha kufungua kazi mpaka ufike.